Mwezi Ishirini na Nane wa Wasasi

Nguruwe mwitu hana kalenda. Mimi sikusoma, chuoni nilitoka nikiwa bado nahangaika na juzuu ya kwanza, lakini nguruwe namjua. Mwezi ukiwa mpevu anakula muhogo wako usiku kucha kwa raha zake, na alfajiri keshazama msitu mkubwa, humpati. Siku za giza anakula kwa kupapasa, jua linamkuta bado kajilaza kichakani, pembezoni mwa shamba. Hapo mnatega nyavu upande mmoja, mnaingiza mbwa upande wa pili, basi.

Nyama yake hatuli. Tunamuua kwa ajili ya muhogo tu. Na ukishaguswa na mate ya mbwa, ni kujiosha mara saba, moja kwa udongo. Mke wangu hunisimamia uani kama askari, hanifungulii mlango mpaka aridhike. Lakini hayo mengine.

Juzi juzi hapa shamba langu la kusini lilikuwa linamalizwa. Nikawaendea wasasi wenzangu, tukapatana: mwezi ishirini na nane, siku za giza, asubuhi. Kila mtu akaitikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba nusu yetu huanza kuhesabu mwezi ukionekana popote duniani, na nusu hungoja uonekane hapa hapa. Kwenye Idi tumeshazoea, huyu anakula pilau, ndugu yake amefunga. Kwa nguruwe nani angefikiri?

Siku ya kwanza wakaja wenye nyavu. Tukatega, tukakaa. Mbwa hakuna. Nikampigia simu mwenye mbwa.

"Uko wapi, bwana? Watu nshawapanga kwenye miba huku."

"Nipo Mwanakwerekwe, nnakunywa chai. Leo ishirini na saba, mzee wangu."

"Nyavu zimeshategwa."

"Waambie wenye nyavu wamkamate kwa huo mwezi wao wa redioni."

Kesho yake akaja kweli, na mbwa wake wote. Nyavu hakuna. Nikawapigia wale wa jana, wakanijibu kwa upole kabisa kwamba kwao leo ishirini na tisa, na ahadi yao walishatimiza. Mwenye mbwa hakutaka kurudi bure, akawafungulia. Nguruwe akatoka kichakani, mkubwa, na wanawe nyuma, wakapita katikati ya muhogo wangu na mbwa juu yao, wakaingia msituni hao. Kilichokuwa hakijaliwa kikakanyagwa.

Jioni tukakutana kupatanisha. Wakabishana mpaka Magharibi nani alikosea mwezi. Shamba hakulitaja mtu. Mwisho wakaafikiana tufuate siku za wiki, tusigombane tena: Jumapili ya pili ijayo. Nikawaambia Jumapili hiyo mwezi utakuwa mpevu, mbalamwezi kama mchana.

"Lakini mzee, angalau tutakuja sote."

Asubuhi nilichukua jembe, nikang'oa muhogo uliobaki, mchanga, haujafika hata nusu, mwingine mwembamba kama kidole. Jumapili yao na waje wote, na nyavu na mbwa. Hakuna kitu tena cha kumleta nguruwe pale.