Kizibo Kwenye Pindo la Khanga

Hivi nyie, mshaona kidude kidogo kama kifuniko cha kichupa cha wanja kikasimamisha ofisi nzima? Mie nimeona, Kurasini, miaka ile kompyuta ndo zinaanza kuingia mjini. Nilikuwa nafagia na kupika chai kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kompyuta zilikuwa nne, zimeungwa kwa waya mmoja mweusi, toka chumba cha bosi mpaka mlangoni kwa mlinzi. Mlinzi Mnyamwezi, mie Mzaramo, basi utani kutwa.

Asubuhi moja makarani wakapiga kelele: kompyuta haziongei zenyewe kwa zenyewe! Malori yamejaa nje, karatasi hazitoki. Bosi akamvaa mlinzi, maana alikuwaga anaegemeza kiti chake kwenye ule waya.

"Umeukata wewe! Fundi akishaona, unakwenda zako!"

Mtani wangu ana watoto sita wa kulisha. Na mie mdomo wangu huu: "Nenda kafuge nyuki, mtani, chai nitakuletea huko huko kwenu Tabora."

Hakucheka.

Fundi akaja, baba mtu mzima na miwani yake. Hakugombana na mtu. Akatoa mita yake ya kupimia waya, akachomoa waya kwenye kompyuta ya katikati, akapima upande wa mlangoni. Nikachungulia.

"Mama, ona, hamsini. Kila mwisho wa waya lazima kuwe na kizibo, ndo kinajibu hivyo; kimoja kikikosekana, kompyuta zote haziongei. Upande huu ni mzima."

Akapima upande wa bosi. Mita kimya, haisomi kitu.

"Ubovu uko huku. Mlinzi hana kosa."

Bosi akatangulia. Tukaingia chumbani kwake: ncha ya waya iko wazi, kizibo hakuna. Na chumba kile anayesafisha nani? Mie peke yangu!

Asubuhi ile ile mapema, kulikuwa na wageni wanakuja, nikaona kile kidude kimefubaa, nikakizungusha kikatoka, nikakisugua kwa jivu na ndimu. Mara wakaniita chai. Mwanamke wa pwani kitu akakiweke wapi? Nikafunga kwenye pindo la khanga, nikasahau.

Ningeweza kunyamaza. Nikamwangalia mtani, nikafungua fundo mbele yao: nauli yangu, kipande cha tangawizi, na kizibo kinang'aa kama pete ya harusi.

"Bosi, mwenye kosa mie."

Fundi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Bosi akajikaza, akajikaza, naye akashindwa. Kizibo kikarudishwa, mita ikajibu hamsini, kompyuta zikaongea. Bosi akampa mlinzi mkono, akamwomba radhi.

"Mzaramo," mtani akaniambia, "nyuki wanakusubiri wewe!" Wiki nzima nilimpelekea vitumbua.

Siku hizi mjukuu wangu wa kike ndo fundi wa mitandao. Nilipomhadithia alicheka mpaka machozi, halafu akanishika mkono: "Bibi, nakuahidi, simlaumu mtu kabla sijapima. Na mita ikikataa kusoma, nakupigia wewe kwanza, ukague pindo lako."