Tafi Wanne Ndani ya Sanduku la Damu

Aibu hii nimeificha tangu mwaka jana, lakini kwa kuwa shangazi ameshaisimulia mji mzima wa Amu, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mdogo wangu Athmani aliugua homa ya ubongo, akaweweseka siku nne, akapata nafuu, ila kisiwa chetu chote cha Ndau kikasema ana jini na wazazi wa mchumba wake wakasimamisha harusi. Bi Zuhura wa maabara kule Amu ndiye aliyeshuku virusi vya mbu, akaitisha damu ya pili, maana (alinieleza kwa subira, nami nikaitikia kama daktari) damu ya kwanza peke yake huenda ina alama za ugonjwa wa zamani, lazima ilinganishwe na ya wiki za baadaye ionekane kama alama zimepanda.

Nesi wetu akanikabidhi sanduku la barafu lenye kichupa cha damu hiyo, nilipeleke Amu. Sasa mimi ningefikaje kwa shangazi huko Amu mikono mitupu? Nikanunua samaki wabichi, tafi wanne, na kwa kuwa barafu nyingine sina, botini nikafungua sanduku, nikakitoa kichupa kwenye mkebe wake ili wapate nafasi, nikawalaza pamoja, nikajiona mjanja.

Maabara ilijaa watu. Bi Zuhura akavaa glavu, akafungua, akamnyanyua tafi kwa mkia.

"Bwana Bakari, huyu ndiye mgonjwa?"

Watu wakaangua kicheko, hata bibi mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Nikazidi kujiharibia: "Yuko chini yao, Bi."

Kichupa kikatoka na utelezi, lebo imebanduka. Nikamsihi aipime tu damu ile, kwani ni ya nani mwingine?

"Haina jina," akasema bila hasira. "Ndia ya kukisia siyui mimi. Mwambie Athmani aye mwenyewe."

Wallahi nilimheshimu kwa kukataa kukisia njia, ingawa uso ulikuwa ukiniwaka. Athmani akaja, mguu bado anauburuta kwa ugonjwa ule, akatolewa damu, jina likaandikwa mbele ya macho yake, ikapelekwa maabara kuu, na Bi Zuhura akawafuatilia wa huko kwa simu kila wiki mpaka jibu likaja. Akalileta Ndau mwenyewe na, kwa idhini ya Athmani, akawasomea wazazi wa mchumba, akajibu maswali yao yote asichoke.

"Basi si jini?" mama wa mchumba akauliza.

"Ni mbu, Bi. Imethibitishwa."

Wazazi wakaruhusu harusi iendelee, na Athmani akalia mbele ya wanaume wote waliokuwepo. Nami nikaapa palepale: kitu kilichofungwa na mwenye kazi yake sitakifungua tena maishani.