Bingwa wa Kunguruma

Mwandishi yule hakumruhusu mhusika wake yeyote aseme tu. Walinguruma, walifoka, walibwata, na kila kitenzi alikijaribu kwanza mbele ya kioo, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka majirani wakadhani anagombana na mkewe. Mkewe aliposoma mswada alicheka hadi akakaa chini.

“Hawa watu wako hawaumwi koo?” aliuliza.

Akanuna, akijiona bingwa asiyeeleweka. Wakati huo binti yao alikuwa hospitali, uchungu umemshika tangu jana. Simu ikaita, mkewe akapokea, kisha akaiweka mezani taratibu.

“Amejifungua. Wote wazima,” alisema, bila mbwembwe yoyote.

Bingwa akafungua kinywa ashangilie. Ikamtoka sauti nyembamba ya kifaranga, na machozi.

“Kunywa maji kwanza, babu,” mkewe alisema.