Siku niliyopanda mnara kumtetea baba

Bado ninaona haya kupita mbele ya kanisa letu, lile la mawe meusi ya lava kule Kibati, lakini kwa kuwa kila mtu anaisimulia habari hii kwa makosa, nami nimeitumikia Leta, yaani serikali, maisha yangu yote katika ofisi ya vizazi na vifo, acheni niieleze mwenyewe, kwa utaratibu.

Ilikuwa yubile ya kanisa. Baada ya misa, Mama Furaha, mwenyekiti wa kamati, alisoma historia ya kanisa uwanjani mbele ya askofu, na alipofika kwenye mnara wa kengele akasema (tena bila kusitasita!) kwamba ulijengwa na wamisionari. Wamisionari! Mnara ule aliujenga marehemu baba yangu, fundi mwashi, pamoja na wanakijiji, wazungu wakiwa wamekwisha kurudi kwao, na jina lake limechongwa kwenye jiwe lililo juu kabisa, kando ya kengele. Nikasimama.

"Papa Anselme, kaa basi," Mama Furaha akaninong'oneza. "Tutarekebisha kesho."

"Kesho askofu hayupo, mama. Jina liko kule juu, ninakwenda kuwaonyesha!"

Hapo ndipo nilipopotea. Nilipanda ngazi na koti langu na tai yangu, moyo ukinidunda kwa furaha, nikalikuta jiwe, nikalipangusa vumbi, na jina la baba hilo hapo, herufi zote! Nikageuka kwa shangwe kuwaita watu, mguu ukanasa kwenye kamba ya kengele, na kila nilipojaribu kuuchomoa ikalia, ikalia tena, ovyo ovyo. Sasa, kwetu kengele ikilia vile nje ya saa za ibada maana yake ni moja tu: volkano, kimbieni. Labda ningetulia nao wangetulia, lakini mimi nilikuwa ninawapungia mkono mmoja na kuonyesha jiwe kwa mkono wa pili, na jiwe lenyewe (Mungu anisamehe) liko upande wa Nyiragongo, mlima wenyewe wa volkano.

"Muzee ameona lava! Anatuonesha kule ku mulima!"

"Mama, acha sufuria, beba mutoto!"

Kwaya, kamati, majirani wenye matela yao ya kulalia kichwani, wote wakashika barabara ya Goma, askofu katikati yao amekunja kanzu hadi magotini, nami juu ninapiga kelele "Ni baba yangu! Ni baba yangu!", maneno ambayo hayakumtuliza mtu yeyote.

Hofu ilipoisha Mama Furaha alirudi, kiatu kimoja mkononi, akapanda, akalisoma jiwe, kisha akanigeukia.

"Ni kweli, papa. Aliujenga yeye."

"Nilisema!"

"Na wewe umetukimbiza. Yote mbili nitaandika."

Nimeapa kutosahihisha tena jambo lolote nikiwa mahali palipo juu kuliko kiti. Historia mpya imebandikwa mlangoni mwa kanisa: jina la baba limo, na mstari unaofuata ni wangu. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta kosa, hata dogo. Sijaliona.