Siti ya Msafiri Si ya Mbeba Ndizi

Siku ya kwanza kazini kwenye karakana ya baiskeli Bukoba, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinionyesha fremu zilizotundikwa ukutani akauliza, "Ya safari ndefu ni ipi?"

Nikagusa nyekundu, nyepesi.

"Hiyo ya kuringia stendi, binti. Chukua ndefu huku nyuma, begi lisigonge visigino. Na iwe ya chuma. Ikikatika kijijini Buganguzi, mchomeleaji ataiunga."

Alinifundisha kukaza spoku mpaka zote zilie sauti moja, na kugawa mzigo mbele na nyuma. Ukiulundika wote kwenye keria kama mikungu, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba mteremkoni.

Kisha nikahamishiwa Muleba, chini ya Msimamizi. Yeye kila baiskeli aliitengeneza kama ya kubebea ndizi: siti chini, miguu ifike ardhini. Mbeba ndizi hushuka kila mlima akasukuma, inamfaa. Msafiri anakanyaga kutwa. Siti ya chini humkunja magoti hadi yanavimba.

Nilipojifungua nikarudi na mtoto mgongoni. Msimamizi akaguna. "Mama Koku, kaa kaunta. Anayenyonyesha na grisi wapi na wapi?"

"Spoku nakaza kwa mikono, waitu, sikazi kwa maziwa."

Mafundi walicheka. Yeye hakucheka. "Haya, mtengenezee yule nesi anayekwenda Biharamulo. Akiridhika, unabaki fundi."

Nikampandisha nesi. Kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke: hicho ndicho kipimo cha siti. Msimamizi akaja mbio. "Shusha! Mwanamke akae juu kama kuku mtini? Watu watasema nini?"

Nesi akaangalia barabarani. "Nishushie tu, mama. Nimezoea ya chini."

Spana nilikuwa nayo mkononi. Kushusha tu, na kazi ni yangu.

"Watu hawatakukanyagia mpaka Biharamulo," nikamwambia. "Mimi sishushi."

Msimamizi akashusha mwenyewe. Mimi nikavua ovaroli, kaunta sikuitaka.

Ndiyo hivyo nimestaafu, na mvi sijaota bado. Hasira ninazo, tena nyingi. Lakini nikimnyonyesha Koku, simfikirii Msimamizi. Namfikiria yule nesi kwenye vilima, amekunja magoti, kwa ajili ya watu waliomtazama mara moja wakaendelea na shughuli zao.