Punje Kumi Kwenye Kitambaa

Juzi nilikuwa ofisi ya kilimo hapa Sumbawanga, nikisubiri zamu yangu huku ukungu ukiingia dirishani polepole. Mbele yangu, mama mmoja wa kijiji cha Pito alifungua kitambaa kilicholowa juu ya meza. Ndani mlikuwa na punje kumi za mahindi alizozilaza humo siku tano kuzijaribu. Tangu biashara ya mbegu iwe huria, kila duka linauza, na si kila mbegu inaota. Mfuko wa mbegu alionunua ndio shamba lake lote la mwaka huu.

Bwana shamba alizihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Nane zimeota. Kapande, mama."

"Ahsante, mwanangu. Jumapili nazipeleka kanisani zibarikiwe."

"Kama zinaota, baraka ya nini tena?"

"Umeniambia zitaota. Mvua hujaniambia."

"Si ungeanza kwa padri, basi?"

"Nimpelekee Mungu mbegu zilizokufa? Hiyo si adabu."

Akafanya ishara ya msalaba. Bwana shamba, ambaye mji mzima unajua hasali popote, aliweka kalamu chini, akasubiri mpaka mama alipomaliza. Kisha akafungua droo, akatoa kifuko cha mbegu.

"Hizi za shambani kwangu. Changanya na zako hiyo Jumapili."

Mama alikipokea kwa mikono miwili. "Sitamwambia padri ni za nani."

Nimesoma mengi kuhusu ugomvi wa sayansi na imani. Pale mezani sikuuona. Niliona watu wawili wakichungulia kupitia dirisha moja, kuona kama ukungu ule utageuka mvua.