Nyembe Tatu, Injini Baridi

Mjukuu wangu ametundika ukutani kalenda yenye picha za magari ya zamani, na kila nikipita pale damu hunichemka. Yote ni ya kampuni moja ya Uingereza, yamepangwa kwa umri na kung'arishwa kama vyombo vya wageni. Watu huyatazama na kuyasifu. Mimi nayajua kwa upande wa chini, kwa sababu miaka ya hamsini nililala chini yake kila siku katika gereji moja ya Nakuru.

La kwanza tuliliita Mzee. Lilikuwa na madigadi ya magurudumu yaliyojitokeza, kibao cha kukanyagia mlangoni na chuma cha kuzungushia injini asubuhi za baridi. Msimamizi wetu, Mzungu, alikuwa na kipimo cha mwanya wa vali za injini mfukoni na kitabu cha kampuni kabatini, na vyote viwili hatukuruhusiwa kuvigusa. Basi sisi mafundi weusi tulipima kwa nyembe za kunyolea. Unabana nyembe tatu pamoja, unazipitisha kwenye mwanya wa vali injini ikiwa baridi, zikipita kwa shida kidogo umemaliza. Mzee nilimaliza kumpima kabla ya chai ya asubuhi, na walowezi kuanzia Lanet hadi Keringet wakaanza kumwuliza msimamizi habari za fundi wa nyembe.

Kisha likaja la pili, limeviringana kila upande, tukaliita Sufuria. Taa zilikuwa zimezama ndani ya madigadi na gia imehamia kando ya usukani. Nilifungua boneti nikakuta injini ni ile ile ya Mzee. Hapo ndipo nilipodanganyika, nikadhani Waingereza hubadilisha bati tu.

La tatu lilikuwa na rangi mbili na nikeli kila mahali, nalo tukaliita Bibi Arusi. Injini ilikuwa mpya, vali zimehamia juu. Kitabu chake kilikuja kimefungwa kwa karatasi ya kahawia, nami nilikuwepo kilipofunguliwa. Misheni walikuwa wamenifundisha Kiingereza cha kutosha.

"Bwana, naomba nisome ukurasa wa vali tu," nilimwambia msimamizi.

"Kitabu ya nini? Wewe iko na wembe," alijibu, akacheka, akakifungia kabatini.

Bibi Arusi wa kwanza kuletwa kwangu alikuwa wa mlowezi wa Keringet. Nikapima nyembe tatu, injini baridi. Wiki haikuisha, vali ikaungua akipanda mlima, na gari likarudi kwetu likivutwa na trekta. Msimamizi alifungua kabati mbele ya wote, akanisomea huku kidole kikifuata mstari: mwanya uwe mkubwa kuliko wa zamani, na upimwe injini ikiwa ya moto. Mstari mmoja! Ulikuwa hatua kumi kutoka mahali nilipolala chini ya gari, na yule mtu aliona afadhali injini iungue kuliko mimi niusome. Mpaka leo sijamsamehe, wala sina mpango huo.

"Wewe si fundi. Wewe ya kuosha," akasema.

Nikapewa ndoo. Nilisugua vumbi jeupe la machimbo ya Kariandusi kwenye magari niliyokuwa nikiyatengeneza. Na ndoo yenyewe haikuwa mwisho wa balaa. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na Mkikuyu kama mimi asiye na barua ya mwajiri, yenye sahihi mpya kila mwezi, alipakiwa kwenye lori na familia yake na kurudishwa rizavu, eneo tulilotengewa. Fundi aliandikiwa barua bila maswali. Mwosha magari, wangempata mwingine wakati wowote.

"Baba watoto, mwezi huu wataandika?" mke wangu aliniuliza. Nilimkemea kana kwamba yeye ndiye aliyeunguza vali. Hilo nalo namdai yule Mzungu.

Mwisho wa mwezi, barua yangu ikiwa bado haijatiwa sahihi, Bibi Arusi wa Keringet alirudi akigonga ndani ya boneti. Msimamizi alipekua kitabu siku mbili, akafungua vali na kuzifunga tena. Mlowezi akaanza kupiga kelele. Ndipo nikaitwa.

"Wewe! Kuja. Sikia hii."

Nilikuwa nimeliandaa jibu langu nikisugua magurudumu: Kitabu kinasema nini, Bwana? Nililirudia kila siku mpaka likawa tamu mdomoni. Nikainama, nikasikiliza, nikajua. Lakini nikawaona akilini watoto wangu juu ya lori.

"Si vali, Bwana," nikasema. "Ni pampu ya maji, imelegea ndani. Toa mkanda wa feni unaoizungusha, kelele itaisha."

Wakautoa. Kelele ikaisha. Mlowezi akampa msimamizi mkono, akamsifu kwa kazi nzuri. Msimamizi akachukua penseli, akafungua kitabu, akaandika maneno yangu pembeni mwa ukurasa. Kisha akakirudisha kabatini na kuzungusha ufunguo.

Barua aliitia sahihi jioni hiyo. Ilisema mwosha magari.